Mwanzi wa Yoramu

Jumapili, 8 Desemba 1946. Mahongole

Leo baada ya ibada nimeanza kuandika. Misheni nilisoma mpaka darasa la tatu, na mwalimu alisema mwandiko wangu unawashinda wavulana, kwa hiyo asinicheke mtu. Nina jambo la kuandika. Mwanangu Yoramu amerudi kutoka vita ya Bama na ufundi ambao toka Makambako mpaka Njombe bomani hana mwenzake: anatengeneza darubini. Wenzake wa keya, jeshi la Mwingereza, walibeba bunduki. Yeye alikaa karakana na fundi wa Kihindi, anafungua darubini za maofisa, anafuta kuvu, anafunga. Amekuja na moja ya kwake, mbovu, bomba moja limebonyea.

Uani kwangu leo hapakuwa na pa kukanyaga. Jirani yetu Lukas aliishika kinyume, akatazamia kwenye vioo vikubwa, akasema, "Mama Yoramu, mwanao ametoka vitani kuja kutupeleka mbali na nyumba zetu?" Mkewe Ema akacheka mpaka akashikilia nguzo ya ghala. Lukas ni mjinga wa kupendeza, hata kumkasirikia huwezi.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua. Yoramu amefungua darubini mezani. Bisibisi katengeneza kwa waya wa mwavuli, kitambaa ni shimizi yangu ya zamani iliyolainika, spiriti kaomba zahanati. Kazi yangu ni kushika bakuli la skrubu, na sijapoteza hata moja. Kuvu lilikuwa limetambaa juu ya kioo kama mizizi ya nyasi. Ndani mna vipande vya kioo vyenye pembe tatu. "Hivi ndivyo vinavyosimamisha picha, mama. Bila hivi, watu utawaona miguu juu." Viwili vimepasuka. Akavitazama kama mtu anayetazama meno yaliyong'oka.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua. Palizi.

Jumatano, 18 Desemba

Yule wa majanini amemchukua Priska, binti wa mzee wa kanisa. Jua liko kichwani, yuko palizini na wenzake wawili, hata jembe hakuliacha. Wanaume walifuata damu mpaka ng'ambo ya kijito. Walirudi na kichwa na mguu mmoja katika shuka, na baba yake aliwazuia wanawake wasifunue.

Kwetu hatumtaji. Ukimtaja anasikia, na ukilia kwa sauti anajua nyumba. Kwa hiyo tumemzika Priska midomo imefungwa, na bomani haikwenda habari. Yoramu alinishika mkono makaburini akasema kwa sauti ya kawaida, watu wote wanasikia: "Bama tukimwona adui tulikuwa tunapiga kelele, mama. Hapa tunamnyamazia mpaka atumalize?" Watu wakamgeukia. Nilimbana mkono, lakini ndani ya moyo nilisema, huyo ndiye niliyemzaa.

Krismasi

Nyama kidogo. Watu wameimba kwa sauti ya chini.

Jumatatu, 6 Januari 1947

Wamechukuliwa wawili tena wiki iliyopita, upande wa kwa Jumbe Danieli. Sasa Jumbe mwenyewe amekuja kwetu, kofia mkononi. "Kamwene, Mama Yoramu." Nikamkalisha kiti kizuri. Mwanangu akamweleza mpango wake, nami nauandika kama alivyousema.

Mashamba yetu yote yako bondeni, chini ya ule mwamba mkubwa. Upande mmoja wa mashamba kuna mto, upande wa pili kuna barabara ya Makambako. Mtu atakaa juu ya mwamba na darubini na mti mrefu wenye shuka nyeupe. Akimwona yule kwenye majani ya mtoni, atalaza bendera upande wa mto, na sisi tutakimbilia barabarani. Akimwona barabarani, atailaza barabarani, na sisi mtoni. Basi.

Jumbe akauliza, "Na darubini yenyewe si imekufa?"

"Nitaunda nyingine," akasema Yoramu. Hivyo tu, kama mtu anayesema atasonga ugali.

Jumanne, 14 Januari

Ameunda! Ilhali wenye shule zao wamekaa. Amekata mwanzi mkavu kwenye shamba letu la mianzi ya ulanzi, akatoboa pingili kwa chuma cha moto. Mbele ametia kioo cha miwani ya kusomea ya marehemu baba yake. Nyuma ametia kioo kidogo cha jicho alichong'oa kwenye darubini mbovu. Ameziba kwa nta ya nyuki mvua isiingie, na ndani amepaka masizi, kwa sababu anasema ukuta mweupe unamwaga mwanga. Darubini ya keya inaona mbali, lakini mwanzi huu nimetazama kutoka mwambani nikaona mbu akimwuma Ema shingoni! Basi, labda si mbu. Lakini mkono wa Ema ukijikuna niliuona.

Ila kila kitu miguu juu. Tena upande nao unageuka: wa kushoto anaonekana kulia. Yoramu amemfundisha Lukas, maana hao wawili ndio watakaopokezana zamu. "Ukimwona kwenye mwanzi yuko mtoni, jua yuko barabarani. Laza bendera kinyume cha unachokiona. Kinyume siku zote. Rudia."

"Kinyume siku zote," akasema Lukas. Siku nzima wakafanya mazoezi, Ema na mimi tukisimama huku na huku bondeni kama mbuzi wa kuuzwa.

Jumanne, 21 Januari

Mwanzi umefanya kazi. Lukas alimwona, akalaza bendera mtoni, tukakimbilia barabarani sote, na wanaume wenye mikuki wakamzingira kwenye matete. Walimchoma mpaka mikuki ikavunjika ndani yake. Mmoja wao alitolewa ngozi ya kichwa ikamwangukia usoni kama kofia, akaendelea kuchoma. Jike, limekonda, meno ya njano. Wanawake walilipiga kwa majembe hata baada ya kufa. Nami nilipiga. Sikujua mkono wangu una hamu kiasi hicho.

Lukas kabebwa mabegani. Nilimwambia kila niliyekutana naye kwamba mwanzi ni wa nani.

Jumatatu, 27 Januari

Wamebaki wengine. Wamemchukua mtoto wa upande wa Jumbe.

Jumatatu, 3 Februari

Nimekasirika. Kisimani wanasema mwanzi wa Yoramu una uchawi, unawatembeza watu kwa vichwa kama maiti. Nimerudi nikamwambia mwanangu, "Hivi huwezi kuisimamisha hiyo picha?" Akasema anaweza, akiongeza kioo cha tatu katikati na pingili moja ya mwanzi, ila watu wameshazoea. Nikamwambia fundi wa kweli haachi kazi nusu. Akanitazama akatabasamu. Anajua ninavyopenda kujisifu, mwanangu.

Ijumaa, 7 Februari

Imesimama! Miguu chini, vichwa juu, na mto uko mtoni. Nimewaita wa kisimani wote waje watazame. Yoramu amemweka Lukas chini akamwambia, "Sasa siyo kinyume tena. Unachokiona ndicho. Rudia."

"Ninachokiona ndicho," akasema Lukas. "Umenikalia kama karani wa kodi, nimesikia."

Ema akasema, "Huyu? Nguo yenyewe huvaa kinyume."

Tukacheka.

Jumatano, 12 Februari

Ema amekufa. Nitaandika yote, maana nilikuwa naye mkono kwa mkono.

Leo ilikuwa mgowe kwenye shamba lake. Tulikwenda wanawake wengi kumpalilia, naye alipika togwa. Zamu ya mwambani ilikuwa ya Lukas. Ukungu ulikuwa umeondoka. Ema ndiye aliyeona bendera ikilala: upande wa mto. Akasema, "Haya, mama," tukatupa vikapu tukakimbilia barabarani kama tulivyozoea, hata bila kusukumana.

Alikuwa barabarani. Alituacha tumfikie. Alitoka kwenye majani akiwa chini kabisa, kama maji yanayomwagika, akampita aliyekuwa mbele akamshika Ema kati ya bega na shingo. Nilisikia mfupa. Ema hakulia, alisema "Lukas" kama mtu anayemwita aje kula. Nilimpiga yule kwa jembe, likagonga mgongo likaniruka mkononi. Nikashika mguu wa Ema. Akavuta yeye, nikavuta mimi. Nina aibu kuandika, lakini ilikuwa hivyo, tulimgombania kama wanawake wanaogombania mzigo sokoni, mpaka kiatu chake cha matairi kikabaki mkononi mwangu.

Lukas aliyaona yote kwenye mwanzi. Alishuka mwambani akianguka na kuinuka, uso umechubuka, akaja akasimama mbele yetu. "Nilimwona barabarani," akasema. "Nilimwona barabarani kwa jicho langu. Mkono ukaenda mtoni. Mkono umezoea." Alikuwa akiutazama mkono wake kama umeletwa na mtu mwingine. Kisha akaanza kuupigiza jiweni. Ilibidi wanaume wanne wamshike.

Ijumaa, 14 Februari

Tumezika kidogo kilichopatikana. Lukas amelia kwa sauti, wa kwanza kufanya hivyo msimu huu. Hakuna aliyemzuia. Yoramu hakuthubutu kumkaribia.

Jumapili, 16 Februari

Na haya nitayaandika yote.

Wamekunywa ulanzi toka jana. Mchana huu walikuja, Lukas mbele, nyuma yake labda watu ishirini, wengine ni wale wale waliombeba Lukas mabegani. Maneno yamegeuka. Siyo mkono wake tena. Sasa ni kwamba Yoramu aligeuza mwanzi kwa makusudi ili yule ashibe. Kwamba aliyerudi na kitu cha kuona mbali ndiye anayewaita. Kwamba nyumba yetu tu haijachukuliwa mtu. Nikasimama mlangoni. "Lukas, mwanangu alikufanya uyarudie maneno kwa mdomo wako, Ema mwenyewe alikuwepo!"

"Ema hayupo wa kusema," akajibu.

Wakanisukuma. Walimtoa Yoramu chini ya meza yake ya kazi, si kwamba alijificha, alikuwa akificha vioo. Wakampiga kwa fimbo, kwa mateke, kwa kiti changu kizuri. Yeye alikuwa anasema, "Niulizeni, niulizeni," na damu inamtoka puani. Lukas akamwinua kichwa kwa nywele akampiga rungu la jicho. Nilisikia sauti ndogo, kama yai. Mtu akaleta moto wa kuchomea paa.

Basi nikashika mchi. Mimi ni mwanamke mkubwa, hilo wanajua. Nilimpiga Lukas begani mfupa ukavunjika akaanguka, nikampiga mwenye moto mdomoni, na wengine wakaanza kukumbuka kwamba wana mama. Jumbe Danieli alifika na askari wake, watu wakiwa wameshaanza kurudi nyuma. Lukas yuko chini, anashikilia bega. Nikamwambia mbele ya wote, kwa sauti ya kanisani: "Lukas! Siku nikikuona mdomoni mwa simba, nitakunja mikono."

Nimemtaja, ndiyo. Simba. Mbele ya watu wote nimemtaja, na sasa nimemwandika pia.

Jumatano, 19 Februari

Mganga wa zahanati amesema jicho la kulia limekwisha. Lingine limevimba, halijafunguka. Yoramu anauliza kama vioo vimepona.

Alhamisi, 27 Februari

Jumbe ameamua: hakuna aliyeua kwa makusudi, Lukas atamlimia Yoramu msimu ujao, na mwanzi urudi mwambani, maana mavuno yanakuja na simba wamebaki. Watu wakauliza, nani atatazama? Lukas hawamtaki tena; hata kwenye mgowe hawamwiti, wanaogopa ule mkono. Mwanangu bado ana kitambaa machoni. Nikasimama. "Mimi," nikasema. "Nimeshika bakuli la skrubu toka Desemba, nani mwingine ameshatazama mwanzi huu kuliko mimi?" Hakuna aliyebisha. Lukas alikuwa nyuma kabisa, mkono umefungwa kwa kitambaa, akacheka kwa pua. "Mmemweka fisi alinde ndama," akasema. Akatoka.

Jumanne, 4 Machi

Mvua kubwa. Mwambani nimekaa na gunia kichwani. Nta ya mbele imepasuka, kioo kimeingia mvuke. Yoramu ameifungua gizani mwake, kwa vidole tu, akaniambia pa kufuta na pa kuziba. Nimefuta, nimeziba. Usiseme huyu si fundi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Jicho la kushoto limefunguka! Ameona vidole vyangu, akavihesabu, akasema mama una vidole vinene. Nimelia. Akasema mwanzi unataka jicho moja tu.

Lakini mwambani bado napanda mimi, miguu yake haijawa sawa. Kutwa namwona Lukas. Analima peke yake, mbali na wengine, kwa mkono mmoja. Bega nililovunja limeunga vibaya, limesimama juu kama la mtu anayesema sijui. Anapalilia mistari ya Ema kwanza, halafu yake. Akichoka anaketi kwenye mstari wa Ema anatazama juu, huku kwangu. Natamani mwanzi usingekuwa na nguvu kiasi hiki. Unamleta mtu karibu mno. Nimemwona akijaribu kufunga kamba ya jembe kwa meno, na kabla sijajizuia nimesema kwa sauti, "Ishike kwa goti, mjinga wewe."

Jumatatu, 31 Machi

Nimetuma bakuli la maharage kwa Lukas. Limerudi na maharage yake ndani.

Jumatano, 9 Aprili

Watu wengi walikuwa upande wa kwa Jumbe wakivuna. Bondeni alibaki Lukas peke yake, anang'oa maharage. Nimevaa kilemba changu cha buluu cha Pasaka, kila mtu anakijua. Nilimwona asubuhi akiinua uso kunitazama, akatema mate, akainama.

Mchana nikamwona simba. Dume. Alikuwa kwenye majani upande wa barabara, tumbo chini, masikio tu, na Lukas amempa mgongo. Wote wawili katika kioo kimoja, huyu na yule, karibu ningeweza kuwafunika kwa kidole.

Nilikumbuka jicho la mwanangu. Nilikumbuka sauti ile ya yai. Sikukunja mikono. Mungu ananiona, niliinuka nikalaza bendera barabarani, nikailaza mpaka mti ukagusa mwamba, nikapiga kelele mpaka koo likawaka, ingawa najua sauti haifiki kule.

Lukas aliiona. Alisimama wima na maharage mkononi. Akatazama bendera, halafu akanitazama mimi, kilemba changu. Akatazama mtoni, kule ambako bendera ilimwambia ndiko salama. Kisha nikaona meno yake. Alicheka, kama mtu aliyegundua kuna anayetaka kumwibia. Akatupa maharage akakimbilia barabarani, mbio, lile bega limesimama juu.

Nilitikisa mti. Nililaza barabarani, nikainua, nikalaza tena barabarani. Kila nilipolaza alizidi kukimbia.

Mwanzi hauleti sauti. Simba aliinuka tu akampokea, kama mtu anayempokea mgeni mlangoni, akamwangusha chali, akamshika uso. Miguu ya Lukas ilipiga ardhi, ikapiga, ikawa inapiga taratibu. Nilitaka kuondoa jicho sikuweza. Nilitazama mpaka mwisho, mpaka alipomburuta majanini na mkono wake, ule ule, ukawa unaandika mstari kwenye udongo.

Ijumaa, 11 Aprili

Wamempata. Wamemzika karibu na Ema. Jumbe aliniuliza nilichoona nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa. Wanawake wa kisimani wamenipisha nichote kwanza, wote, na tangu nizaliwe sijawahi kupishwa kisimani.

Nimemkuta Yoramu mezani na mwanzi wazi mbele yake, anafuta kioo cha miwani ya baba yake kwa kile kitambaa cha shimizi. Bila kuinua uso akaniuliza, "Mama, ulilaza upande gani?"

"Barabarani," nikasema. "Simba alikuwa barabarani, nikalaza barabarani."

Aliendelea kufuta. Kioo kilikuwa kimeshakuwa safi, niliona dirisha zima ndani yake.

"Haya," akasema. "Mtu akiniuliza, nitasema hivyo."